Namna ya kupima kama kiongozi msema wazi anakijenga chama chake au anakibomoa

Mwanachama yeyote ambaye amewahi kuketi katika mkutano wa kuchagua viongozi wa chama chake analifahamu swali hili. Wapo wajumbe wanaoamini kwamba chama kisicho na mtu wa kuthubutu kusema kimeshakufa na kinasubiri kuzikwa tu, na wapo wanaoamini kwamba mtu huyo huyo ndiye anayewafukuza wanachama, wafadhili na wapiga kura waliokuwa njiani kujiunga. Mwongozo huu nimemwandikia mjumbe wa mkutano mkuu, kiongozi wa tawi, mwandishi wa habari na mpiga kura anayetaka kulijibu swali hilo kwa mambo yanayoonekana na kuhesabika, bila kuongozwa na mapenzi wala hofu. Mifano yangu mingi inatoka Tanzania, kwa sababu ndiko ninakokufahamu, na kwa sababu tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992 nchi hii imeshuhudia karibu kila aina ya kiongozi msema wazi na kila aina ya mwisho wake.

Yatenganishe kwanza maneno yake

Chukua hotuba nne au tano za kiongozi unayempima, uzisikilize mpaka mwisho, kisha uandike katika daftari kila kauli nzito aliyoitoa na uzipange kwa mafungu. Usitegemee vipande vifupi vinavyosambazwa kwenye simu, kwa kuwa vipande hivyo huchaguliwa na wanaompenda sana au wanaomchukia sana. Fungu la kwanza liwe la tuhuma zenye ushahidi dhidi ya wenye mamlaka, la pili liwe la ahadi, amri na vitisho, na la tatu liwe la maneno aliyoyasema hadharani kuhusu viongozi wenzake ndani ya chama. Watu wengi huyachanganya haya matatu na kuyaita ujasiri au kuyaita ulimi mbaya, kumbe kila fungu huzaa tunda lake.

Tunda la fungu la kwanza lilionekana waziwazi baada ya tarehe 15 Septemba 2007, siku ambayo Dkt. Wilbroad Slaa, wakati huo Katibu Mkuu wa CHADEMA, alisimama katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, na kusoma majina ya watu 11 aliowatuhumu kuhusika na ufisadi wa mali ya umma. Watuhumiwa walitishia kwenda mahakamani, na wapo waliosema kwamba chama kimejichimbia kaburi. Januari 2008 gavana wa Benki Kuu aliondolewa kazini kufuatia sakata la EPA, akaunti ya madeni ya nje, na mwezi uliofuata Waziri Mkuu alijiuzulu kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond. CHADEMA, iliyoshinda majimbo 5 tu mwaka 2005, ilishinda majimbo 23 mwaka 2010, na kura zake za urais zilipanda kutoka takriban asilimia 6 hadi takriban asilimia 27. Siwezi kudai kwamba hotuba moja ndiyo iliyoleta yote hayo, lakini chama kilipata ajenda ambayo mwananchi wa kawaida aliweza kuieleza nyumbani kwake kwa sentensi moja, na ajenda hiyo ilibebwa na wabunge wake ndani ya Bunge kwa miaka mitatu mfululizo.

Fungu la pili lina historia tofauti. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijulikana nchi nzima kwa kutoa makataa ya siku saba, na amri zake zilitekelezwa kwa sababu nyuma yake lilikuwapo Jeshi la Polisi. Alipohamia NCCR-Mageuzi mwaka 1995 alikuja na sauti ile ile, lakini ofisi iliyoipa sauti hiyo nguvu aliiacha serikalini. Kwa hiyo unapokuta kwamba sehemu kubwa ya hotuba za kiongozi wako ni amri na makataa, jiulize ni chombo gani cha chama kitakachozitekeleza siku zikiisha. Kama hakipo, kila makataa yanayopita bila kitu hupunguza uzito wa yanayofuata.

Usihesabu umati, fuatilia chaguzi tatu

Mwaka 1995 vijana walikuwa wakilisukuma gari la Mrema kwa mikono barabarani, na mtu aliyetazama picha zile angeweza kuapa kwamba Ikulu imeshapata mwenyeji mpya. Matokeo rasmi yalimpa Benjamin Mkapa wa CCM asilimia 61.8 na Mrema asilimia 27.8. Kwa chama chenye umri wa miaka mitatu, hayo yalikuwa mavuno makubwa: NCCR-Mageuzi ilishinda majimbo 16 na ikawa tishio halisi. Anayepima kwa uchaguzi mmoja angeandika kwamba ulimi wa Mrema ulikijenga chama. Lakini ndani ya miaka michache Mrema, aliyekuwa mwenyekiti, na Katibu Mkuu wake, Mabere Marando, walikuwa katika mgogoro uliokigawa chama vipande viwili. Mrema akaondoka kwenda chama cha TLP mwaka 1999, na katika uchaguzi wa mwaka 2000 NCCR-Mageuzi ilibakiwa na jimbo moja. Mrema mwenyewe, akiwa na chama kipya na ulimi ule ule, alipata asilimia 7.8 ya kura za urais. Kura zile hazikubaki katika chama, na nyingi hazikumfuata hata yeye.

Ndiyo maana napendekeza uchore jedwali lenye safu tatu za uchaguzi: ule uliotangulia kabla kiongozi hajapata nafasi, ule wa kwanza akiwa mbele, na ule uliofuata. Katika kila safu andika kura za urais, idadi ya majimbo, idadi ya kata na, kama unaweza kuipata, ruzuku ambayo chama kinapokea, kwa kuwa ruzuku hutokana na kura na viti. Ukikuta kura za urais zimepanda lakini kata hazikusogea, basi watu wanamchagua mtu, na chama chake ni basi alilopanda. Safu ya kata ndiyo inayosahauliwa zaidi na ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu diwani hachaguliwi kwa hotuba aliyoitoa mtu mwingine mkoa wa mbali.

Afrika Kusini inatoa mfano mzuri wa jedwali hili. Julius Malema, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa ANC, chama kilichokuwa kikitawala, alifukuzwa chamani mwaka 2012 na mwaka uliofuata akaanzisha EFF. Chama hicho kilipata takriban asilimia 6.4 mwaka 2014, asilimia 10.8 mwaka 2019, na asilimia 9.5 mwaka 2024. Mwaka huo wa 2024 chama cha MK kilichoongozwa na rais wa zamani Jacob Zuma, kikiwa hakijatimiza mwaka mmoja, kilipata asilimia 14.6. Mpiga kura aliyevutwa na sauti kali ni rahisi kuvutwa na sauti nyingine iliyo kali zaidi, na miezi michache baada ya uchaguzi huo hata naibu wa Malema, Floyd Shivambu, alihamia MK.

Hapa lazima niweke tahadhari, maana jedwali linaweza kumdanganya anayelisoma kwa haraka. Mwaka 2020 Tundu Lissu, mgombea urais wa CHADEMA, alitangazwa kupata asilimia 13 dhidi ya asilimia 84 za John Magufuli wa CCM, na CHADEMA ikatangazwa kushinda jimbo moja tu. Je, huo ni ushahidi kwamba ulimi wa Lissu uliiua CHADEMA? Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya kura kupigwa, na vyama vikuu vya upinzani viliyakataa matokeo. Kipimo kilichopinda hakipimi urefu wa mtu. Uchaguzi wa namna hiyo uuandike katika jedwali lako, lakini uuwekee alama, na utafute vipimo vingine.

Uliza kinachobaki siku akinyamazishwa

Kipimo hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na sababu yake inarudi nyuma kabla ya uhuru. Bibi Titi Mohamed alipoongoza sehemu ya wanawake ya TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia mwaka 1955, hakuna aliyemzidi kwa kusema hadharani. Lakini alipita katika vikundi vya ngoma na lelemama ambavyo wanawake wa Dar es Salaam walikuwa tayari wameviunda, na kila alikopita maneno yake yaligeuka kuwa kadi, michango na viongozi wa wanawake katika mitaa. Alipoondoka kwenda mji mwingine, wanawake wale waliendelea kukutana. (Natamani wanaowapima wanawake wa siasa leo wakumbuke hili, kwa kuwa maneno yale yale yanayomfanya mwanamume aitwe jasiri humfanya mwanamke aitwe mwenye mdomo.)

Ulinganishe mfano huo na wa Zuberi Mtemvu. Januari 1958, katika mkutano wa TANU mjini Tabora, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao uliwalazimisha wapiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mtemvu aliuona uamuzi huo kuwa usaliti, akasema hivyo bila kupepesa macho, akatoka na kuanzisha chama chake cha Tanganyika, kilichoitwa pia African National Congress. Msimamo wake uliwavutia wengi kwa ukali wake, lakini matawi yalibaki TANU. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 Mtemvu alipata kura chini ya asilimia 2.

Kwa hiyo nenda kwenye tawi. Omba kuona daftari la wanachama, uulize waliojiunga katika mwezi kiongozi alipohutubia mji huo ni wangapi, na kati yao wangapi wamelipia ada mwaka uliofuata. Uliza mawakala wa uchaguzi ni akina nani, wamefundishwa na nani, na kama mwenyekiti wa tawi anaweza kueleza jinsi fomu ya matokeo inavyojazwa na kusainiwa. Nimewahi kukaa katika ofisi ya tawi moja, siku chache baada ya mkutano uliojaza uwanja mpaka watu wakapanda miti, na kalamu ya kuandikia wanachama wapya haikuwapo. Watu walikuja siku mbili za kwanza wakaambiwa warudi. Wengine hawakurudi. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu msemaji alifanya kazi yake na chama hakikufanya ya kwake.

Mwaka 2025 kipimo hiki kilikuja chenyewe bila kuombwa. Lissu, aliyekuwa amechaguliwa Mwenyekiti wa CHADEMA Januari, alikamatwa tarehe 9 Aprili baada ya mkutano wa hadhara Mbinga na akashtakiwa kwa uhaini. Siku tatu baadaye Tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba chama chake hakitashiriki uchaguzi kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Tangu hapo anayetaka kujua uimara wa chama hicho hana haja ya kusikiliza hotuba. Aangalie kama makamu mwenyekiti na katibu mkuu waliweza kuitisha vikao, kama mikoa iliendelea kuwasiliana na makao makuu, na kama msimamo wa chama wa kutoshiriki uchaguzi mpaka yafanyike mabadiliko ulielezwa vizuri na watu wasio Lissu.

Tenganisha gharama aliyoileta na gharama aliyotwishwa

Wakosoaji wa viongozi wasema wazi hupenda kuorodhesha kesi, kukamatwa na kuzuiwa kwa mikutano, kisha wakahitimisha kwamba ulimi wake umekiponza chama. Hoja hii ni ya kuangaliwa kwa haki. Septemba 2017 Lissu alipigwa risasi 16 akiwa Dodoma, na hakuna hesabu ya kiungwana inayoweza kuiandika damu ile katika safu ya makosa yake. Mtu akiadhibiwa kwa kusema jambo ambalo ana haki ya kulisema, aliyeadhibu ndiye mwenye deni.

Hata hivyo chama kina wajibu wa kujiandaa kwa gharama kinayoijua. Chora safu mbili, ya kiongozi na ya dola. Katika safu ya kiongozi andika mambo ambayo yangeweza kuepukika bila kupunguza ukweli wa alichosema: takwimu aliyoitaja bila kuihakiki, jina la mtu alilolitaja bila waraka, ahadi aliyoitoa kwa niaba ya chama kabla ya Kamati Kuu kuijadili. Katika safu ya dola andika yaliyobaki. Kisha uongeze safu ya tatu, ya chama chenyewe: kilikuwa na mawakili tayari, kilikuwa na mtu wa pili wa kushika kipaza sauti, kiliwaeleza wanachama nini cha kufanya?

Kuna gharama nyingine inayochelewa kuonekana, nayo ni ya maneno yaliyosemwa jana kurudi leo. Edward Lowassa alikuwa miongoni mwa waliotajwa Mwembeyanga mwaka 2007. Mwaka 2015 CHADEMA ilimpokea na kumfanya mgombea urais wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, Dkt. Slaa akajiondoa katika siasa za chama, na Lowassa akapata takriban asilimia 40 ya kura, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia. Wapo wanaoona hapo ushindi wa hesabu. Mimi naona kwamba chama kilipoteza uwezo wa kulitamka neno ufisadi kwa sauti yake yote, na Magufuli akaliokota na kulifanya lake. Kiongozi akisema kwa ukali dhidi ya mtu, chama kizima kinakuwa kimeweka rehani. Unapopima, tafuta kama chama kina uwezo na nia ya kuilipa.

Msikilize anavyowasema wenzake

Lissu akiwa bado makamu mwenyekiti alisema hadharani kwamba fedha zilikuwa zikichafua uchaguzi wa ndani ya chama chake. Wengi walikasirika, wakisema mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani. Tarehe 22 Januari 2025 matokeo ya uchaguzi wa mwenyekiti pale Mlimani City yalitangazwa: Lissu kura 513, Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama kwa miaka 21, kura 482. Mbowe alimpongeza hata kabla ya matokeo rasmi kutangazwa, na kwa kitendo hicho alikifanyia chama chake jambo kubwa. Lakini kura 482 ni karibu nusu ya ukumbi. Mei mwaka huo huo kundi la waliokuwa viongozi na watia nia, wasiokubaliana na msimamo wa kutoshiriki uchaguzi, lilihamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani.

Katika kipimo hiki usiulize tu kama alichosema ni kweli. Uliza kama alikwenda kwanza kwenye kikao na akapuuzwa, au alianza na kipaza sauti. Uliza kama alizungumzia tendo, ambalo linaweza kurekebishwa, au alimtaja mtu kwa namna isiyomwachia njia ya kurudi. Halafu, miezi sita baada ya uchaguzi wa ndani, hesabu ni wangapi kati ya waliomuunga mkono mshindani wake bado wana kazi ya maana katika chama. Hapa Tanzania hesabu hiyo ina uzito zaidi kuliko kwingine, kwa kuwa sheria hairuhusu mgombea binafsi na mbunge anayevuliwa uanachama hupoteza kiti. Ugomvi wa ndani hauishii kwenye hasira, unachukua majimbo.

Maswali matatu ya siku ya pili

Siku moja baada ya mkutano wa hadhara, rudi katika mji ule ukiwa peke yako. Kaa kwa mama ntilie, zungumza na waendesha bodaboda, uwaulize watu ishirini au thelathini waliohudhuria maswali matatu tu: alisema nini, alisema mtafanya nini, na ni kiongozi gani mwingine wa chama hiki unayemjua kwa jina. Swali la kwanza karibu kila mtu hulijibu, tena kwa furaha na kwa kumwigiza sauti. La pili hupunguza wengi. La tatu ndilo linalopima chama. Ukikuta hata theluthi moja wanaweza kumtaja diwani, mgombea ubunge au katibu wa jimbo, kiongozi huyo anawavuta watu kuelekea chama. Wakitaja jina lake peke yake, na hata aliyetaka ubunge katika jimbo hilo hajulikani, basi siku atakapohama au kufungwa watabaki na kumbukumbu nzuri ya mkutano.

Ukishapima

Matokeo yakionyesha kwamba anakijenga chama, kazi ya chama ni kumfuata kwa karani na daftari kila anakohutubia, kumpa watafiti wa kuhakiki nyaraka kabla hajapanda jukwaani, na kumtaka ampishe mgombea wa eneo azungumze wakati umati bado haujatawanyika. Matokeo yakionyesha kwamba anakibomoa, usikimbilie kumfukuza wala kumziba mdomo. NCCR-Mageuzi ilijifunza kwamba kiongozi akiondoka na hasira huondoka na zaidi ya kiti chake. Kaeni naye katika kikao, mwonyesheni jedwali na daftari, mkubaliane ni mambo gani yatasemwa na yeye, yapi yatasemwa na katibu mkuu, na yapi hayatatoka nje mpaka kikao kimeyaamua. Akikataa hata kuliangalia jedwali, andika hilo pia, uende nalo katika mkutano mkuu unaofuata, na upige kura yako ukiwa umelishika mkononi.